Mnunuzi amefanywa karani wa muuzaji: "weka na ya kutolea", "bei DM" na tarakimu 20 za LUKU

Mleta uzi (Dar es Salaam)

Wakuu, heshima kwenu.

Ninaleta uzi huu kwa sababu jambo hili linatugusa karibu kila siku, lakini tumekuwa tukilizungumza kwa vipande, kila mtu na kero yake: huyu analalamikia LUKU (umeme wa kulipia kabla), yule analalamikia lipa namba (namba ya duka ya kupokelea malipo ya simu), mwingine duka la Instagram lisilotaja bei. Mimi ninaziona kuwa kero moja. Njia mpya za kununua zimemhamishia mnunuzi kazi ambazo zamani zilikuwa za muuzaji, yaani kuandika, kuhakiki, kutunza kumbukumbu na kufuatilia fedha ilipokwama, na zimemhamishia pia gharama na hatari za kazi hizo, huku bei ya bidhaa ikibaki palepale au ikipanda.

Chukueni mfano wa "weka na ya kutolea". Mnapatana na muuzaji shilingi 40,000, unamwambia utalipa kwa simu, naye badala ya kukuelekeza kwenye lipa namba iliyobandikwa ukutani anakutajia namba yake binafsi na kukuambia uweke na ya kutolea, yaani uongeze ada atakayokatwa akitoa fedha hiyo. Kutoa fedha kwa wakala ni shughuli yake yeye, atakayoifanya kwa wakati wake na kwa sababu zake. Inawezekana kabisa asiitoe. Akamlipa mwenye mzigo wake kwa simu hiyo hiyo, na ile ya kutolea uliyomwekea ikabaki mfukoni mwake. Wewe tayari umekatwa ya kutuma. Kwa hiyo umelipia bidhaa, ukalipia kuifikisha fedha kwake, na ukalipia huduma ambayo huenda isitokee kabisa, wakati bei mliyopatana ilitajwa kana kwamba ndiyo bei yote.

Chimbuko lake si gumu kulielewa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ilikuwa chombo cha mtu kumtumia ndugu yake fedha. Aliyeko mjini anatuma, mama aliyeko kijijini anatoa kwa wakala, na mtoto mwenye adabu anaongeza ya kutolea ili mama apate kiasi kamili. Ni desturi nzuri kati ya ndugu, lakini duka si mama yangu. Biashara ilipanda juu ya chombo hicho ikiwa na desturi zake zote, na naona tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021, ambayo kwa miamala mikubwa ilifika shilingi 10,000 kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, ndiyo iliyowafundisha wauzaji wengi kuhesabu kila makato na kutafuta wa kumwachia.

Hata lipa namba yenyewe, ambayo nilitarajia imalize tatizo, ina mateso yake. Majuzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi kununua koki na vipande vya bomba. Nililipa kwenye namba ya duka, jina la duka likatokea, ujumbe wa uthibitisho ukaingia kwenye simu yangu. Binti aliyekuwa anauza akanitazama kwa upole akasema, "Samahani kaka, subiri bosi athibitishe." Ujumbe wa malipo huingia kwenye simu ya bosi, bosi hayupo dukani, na simu yake inaita bila kupokelewa. Mzigo ulikuwa umeshafungwa na uko juu ya meza, kati yangu na yeye, nami sikuwa na fedha tena wala sikuwa na bidhaa. Nyuma yangu watu wakaanza kujipanga, na aliyelipa taslimu akahudumiwa na kuondoka nikiwa bado nimesimama pale.

Simlaumu binti yule hata kidogo. Kuna watu hutengeneza ujumbe wa uongo unaofanana kila kitu na ule wa kweli, wakauonyesha kwa muuzaji, wakaondoka na mali, na akiamini ujumbe wa namna hiyo, hasara itakatwa kwenye mshahara wake. Ninachosema ni kwamba mwenye duka alipoamua kupokea malipo kwa njia hii alipaswa kumpa muuzaji wake simu au mashine ya kuyaona malipo hayo. Hakuinunua, na badala ya chombo hicho amemtumia mteja, ambaye anasimama pale kama dhamana mpaka simu ipokelewe.

Sasa nije kwenye LUKU. Sina ugomvi na kulipa umeme kabla ya kuutumia. Ni utaratibu ulioondoa ankara za kukadiria na foleni za kulipa madeni. Ugomvi wangu uko kwenye tarakimu 20. Mita nyingi tulizonazo hazina mawasiliano yoyote na kompyuta inayouza umeme. Kompyuta ikishapokea fedha hutengeneza namba ambayo ndani yake kumefichwa kiasi cha umeme na wakati namba hiyo ilipotengenezwa, ikafungwa kwa ufunguo wa mita moja tu, na njia pekee ya namba hiyo kufika kwenye mita ni vidole vya mnunuzi. Utaratibu huu ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa wakati ule ulikuwa wa busara, kwa kuwa kuunganisha kila nyumba na mtandao wa mawasiliano kulikuwa jambo lisilowezekana.

Lakini fikirieni unavyofanyika usiku, uniti zinapoisha. Nyumba iko gizani. Ujumbe wenye namba uko kwenye simu, na taa pekee uliyonayo ni tochi ya simu hiyo hiyo, iliyo upande wa pili na kioo. Ukimulika kifaa cha kubonyezea huoni ujumbe, ukisoma ujumbe huoni vitufe. Kwa hiyo inahitajika mikono ya watu wawili: mmoja asome nne nne, mwingine abonyeze na kurudia kwa sauti kila alichosikia. Kwenye kifaa kilichotumika miaka mingi, namba za vitufe vinavyobonyezwa sana zimefutika, na unabonyeza kwa kukumbuka mahali pake. Tarakimu moja ikikosewa, mita inakataa, nanyi mnaanza upya. Mzee anayeishi peke yake na ambaye macho yake yamepungua nguvu hawezi kununua umeme bila kumwita mtoto wa jirani, hata kama fedha anazo.

Kisha likaja lile la mwaka 2024, ambalo naamini wengi walilifanya bila kuelezwa vizuri sababu yake. Mita hizi zilikuwa zikihesabu wakati kwa dakika kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa Novemba 24, 2024, na mita ambayo isingerekebishwa kabla ya hapo isingepokea umeme mpya, si hapa kwetu tu bali popote duniani panapotumika mita za aina hii. Marekebisho yakafanywaje? Mteja aliponunua umeme alipewa makundi matatu ya tarakimu 20, mawili ya kurekebisha mita na moja la umeme wenyewe, akatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio huo huo. Mtu mwenye shilingi 2,000 mkononi, anayetaka taa iwake watoto wamalizie kazi za shule, alibonyeza tarakimu 60. Naelewa kwamba kupeleka mafundi nyumba kwa nyumba nchi nzima kungechukua muda mrefu na fedha nyingi, na naelewa pia kwamba hiyo ndiyo thamani ya kazi tuliyoifanya sisi. Kwenye mita yangu sikuona uniti hata moja ya kutambua hilo.

Kama hiyo haitoshi, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Kiwango cha nyumba ya kawaida kilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 kikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme katika nyumba nyingi za mjini ni mpangaji. Kwa viwango vya mwaka 2023, kwa daraja la T1 (matumizi ya kawaida) uniti moja ilikuwa shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1 ilifika kama 356, kwa hiyo shilingi 10,000 ilitoa uniti 28 na pointi kidogo. Mnunuzi wa kwanza wa mwezi alikatwa 1,500 kabla ya hesabu yoyote, na 10,000 yake ikaleta uniti zisizofika 24. Amekuwa mkusanyaji wa kodi ya mtu mwingine, na kazi ya kudai fedha yake irudi ni yake pia.

Naomba michango yenu, hasa ya wauzaji, maana sitaki tuwahukumu bila kuwasikia.

Mchangiaji (mfanyabiashara, Kariakoo)

Mkuu, umeandika kwa haki na nitakujibu kwa haki. Mimi nauza vyombo vya nyumbani, na faida yangu kwenye bidhaa moja wakati mwingine haizidi shilingi 1,000. Mteja akilipa kwa simu, fedha ile haijawa fedha kwangu mpaka niitoe, kwa sababu kuli anayebeba mzigo anataka taslimu, mama wa chakula anataka taslimu, na mwenye fremu naye anataka taslimu. Wauzaji wa jumla wanaopokea kwa simu na wenyewe wananiambia niweke na ya kutolea. Kwa hiyo hicho unachokiita kumhamishia mnunuzi mzigo ni mnyororo mrefu ambao na mimi nimo ndani yake, ila mteja wa mwisho hana wa kumpasia.

Kuhusu lipa namba, nayo ina makato yake, na wenzetu wengi wanaiogopa kwa sababu kumbukumbu za malipo zinaonyesha mauzo yote, wakati gharama zao nyingi hazina risiti. Mtu anaona atakadiriwa kodi kwa fedha iliyopita mkononi mwake tu. Sisemi ni sahihi. Nasema ndiyo hofu iliyopo sokoni, na ndiyo hofu hiyo hiyo inayozaa lile swali la "unataka na risiti au bila risiti", ambalo halina uhalali wowote, kwa sababu kila mauzo yanapaswa kuwa na risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na mnunuzi anapaswa kuidai.

Lile la binti na simu ya bosi nakubaliana nalo kabisa. Dukani kwangu laini ya biashara iko kwenye simu ya kawaida inayokaa mezani, na kijana anaona malipo papo hapo. Simu ya namna hiyo si ya bei kubwa. Anayeshindwa kuiweka hajathamini muda wa mteja wala heshima ya mfanyakazi wake.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu mleta uzi, huku kwetu till, yaani namba ya duka kama lipa namba yenu, imepunguza sana habari ya ya kutolea, kwani mteja hulipa bei iliyotajwa basi. Lakini hatari ya muuzaji imejitokeza kwa sura nyingine. Mtu akikosea kutuma, huupeleka ujumbe wa muamala kwa namba 456 kuomba fedha zirudishwe, na hilo ni jambo jema. Wako waliolitumia vibaya: mtu ananunua, anaondoka na bidhaa, kisha anaomba fedha zirudishwe kana kwamba alikosea. Muuzaji wa mbogamboga aliyepokea kwenye laini yake binafsi anabaki akipiga simu kwa watoa huduma kujieleza. Ndiyo maana wengine wamerudi kudai pesa taslimu, nasi wateja tunaonekana wezi kabla hata hatujafungua mdomo.

Kuhusu stima, hali yetu ni kama yenu. Unaweka namba ya paybill (namba ya kampuni ya kulipia), 888880, halafu namba ya mita kama namba ya akaunti, halafu kiasi, halafu namba ya siri, na tokeni ikifika unaanza kubonyeza upya. Ukikosea tarakimu moja kwenye namba ya mita, na ikatokea ni mita halali ya mtu mwingine, umemnunulia stima mtu usiyemjua. Na yale marekebisho ya Novemba 2024 tuliyafanya vilevile, makundi mawili kabla ya tokeni.

Mchangiaji (Songea)

Mimi naomba tuongee kuhusu sisi tulio mbali na Dar es Salaam, maana nyinyi mkikwama mnaweza kurudi dukani. Mimi hununua vitambaa kwenye kurasa za Instagram. Picha ni nzuri, maelezo ni marefu, rangi zote zimetajwa, ila bei haipo. Chini pameandikwa "Bei DM", yaani uulize kwa ujumbe wa faragha. Watu kumi wameuliza bei hadharani na wote wamejibiwa "njoo DM dear". Ukienda huko, kabla hujatajiwa bei unaulizwa uko wapi na unataka ngapi, na mimi ninaamini kabisa kwamba bei inatokana na majibu hayo. Rafiki yangu aliyeko Dar na mimi tumewahi kuuliza kitambaa kilekile jioni moja kwenye duka lilelile, tukatajiwa bei mbili tofauti, na hapo nauli ya mzigo ilikuwa bado haijaguswa.

Ukikubali, unaambiwa ulipe kwanza, na ya kutolea, kisha mzigo unapelekwa kwenye basi. Gharama ya kuupeleka stendi ni yako, gharama ya basi ni yako, na mara nyingi ukifika kuuchukua unaambiwa kuna kiasi hakikulipwa huko ulikotoka. Ushahidi wako wote ni ujumbe wa muamala wenye jina la mtu ambalo halifanani na jina la duka. Kitambaa kikija si chenyewe, ukurasa hauna anuani, na ukiandika malalamiko hadharani yanafutwa na unazuiwa usiuone tena. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kupotosha watu kuhusu bidhaa na bei, na Tume ya Ushindani ipo, lakini niambieni, mtu wa Songea atamshtaki nani ikiwa hajui hata mtaa ambao duka liko?

Mleta uzi

Dada wa Songea, mchango wako umenigusa kuliko nilivyotarajia, kwa sababu umeonyesha kwamba mzigo huu unaongezeka kadiri mtu anavyokuwa mbali. Bei iliyofichwa inamfanya mnunuzi aombe, na anayeomba hawezi kulinganisha. Katika soko la kawaida, ukitajiwa bei kubwa unatembea hatua tatu hadi meza ya pili. Huku unafungua mazungumzo mapya, unajieleza upya, unasubiri kujibiwa, na kufikia duka la tatu umechoka na unalipa ulichotajiwa. Mimi kwa upande wangu nimeacha kununua kwenye ukurasa wowote usioweka bei, hata kama bidhaa naipenda, na nawaambia hivyo wauzaji kwa maneno ya heshima ili wajue kwa nini wamempoteza mteja. Wakiambiwa na wengi watabadilika.

Mkuu wa Kariakoo, hofu ya kodi uliyoieleza ni ya kweli na inastahili uzi wake. Lakini hata kwa hesabu zako mwenyewe, muuzaji anajua gharama ya kutoa kabla mteja hajaingia dukani. Aiweke ndani ya bei. Kama chombo ni 41,000 kwa kila mtu, kitajwe 41,000, nami nitaamua kununua au kuacha. Kutaja 40,000 na kuongeza baada ya mapatano ndiko ninakokupinga, kwa sababu wakati huo nimeshatumia muda wangu kupatana na mara nyingi naona aibu kuondoka.

Ndugu wa Mombasa, ahsante kwa kutukumbusha kwamba hatari haikuondoka, imebadilisha tu anayeibeba. Ninachokiona katika mifano yote miwili, ya till na ya lipa namba, ni kwamba wenye mitandao wanapata makato yao kwa kila muamala, uliokamilika vizuri na ulioleta ugomvi, na hawasimami mezani kati ya muuzaji na mteja wakati ugomvi unatokea. Wao ndio wenye uwezo wa kumpa kila muuzaji mdogo njia ya kuona malipo bila simu ya bosi, na ndio wa kwanza wanaopaswa kudaiwa.

Mchangiaji (mpangaji, Mbagala)

Mleta uzi, hilo la kodi ya majengo ndilo linaloniumiza. Tuko wapangaji wanne kwenye mita moja na tunachangishana. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa, kwa hiyo siku za mwanzo wa mwezi kila mtu anajifanya hana fedha, tunakaa gizani tukisubiriana. Mwenye nyumba tulimgusia akasema hajui habari hiyo, umeme ni wetu. Tufanye nini?

Mleta uzi

Msigombane wenyewe kwa wenyewe kwanza, maana fedha hiyo hamdaiani ninyi. Kila ununuzi wa umeme huleta ujumbe unaochanganua fedha yako: kiasi cha umeme, VAT, REA, EWURA, na makato ya kodi ya jengo yanaonekana kwenye mstari wake. Usiufute ujumbe huo. Mimi nilikuwa naupiga picha kila mwezi na kuuhifadhi, kisha nikaandika karatasi moja yenye miezi, tarehe na kiasi kilichokatwa, nikampelekea mwenye nyumba wakati wa kufanya mkataba mpya. Sikumwomba anirudishie fedha taslimu. Nilimwonyesha kwamba kwa 1,500 kila mwezi nimemlipia kodi yake ya shilingi 18,000 kwa mwaka, nikaomba ipunguzwe kwenye pango la miezi inayofuata. Alisoma, akanyamaza kidogo, akakubali, na sasa limeandikwa kwenye mkataba wetu kuwa kipengele cha tano.

Kwa ninyi wanne, andikeni karatasi moja ya pamoja na mtie saini wote, ili asiseme ni malalamiko ya mtu mmoja. Na mpaka atakapojibu, ile 1,500 itoeni kwa mchango sawa, shilingi 375 kila mmoja, kabla ya kununua uniti, ili asiwepo wa kuogopa kuwa wa kwanza.